Jina Lililoitwa Juu ya Jiwe

Wakulima wa bonde lile la Wales hawakuogopa kitu, si theluji wala mkaguzi wa mifugo, lakini jina la mbwa liliwanyima usingizi. Mtoto wa mtu ukimpa jina baya atakua, atahama, atajiita apendavyo. Mbwa wa kondoo jina ndilo kamba yake. Upepo ukiikata, kondoo wameshateremkia upande wa pili wa mlima, na wewe umebaki unapunga fimbo kama mwendawazimu.

Ndiyo maana majina yao yalikuwa mafupi, ya pumzi moja. Na hakuna mashamba mawili yaliyotumia jina moja, kwa sababu siku ya kuwashusha kondoo mbwa wa bonde zima walifanya kazi kwenye mlima mmoja. Moss alikuwa wa Idwal. Fan alikuwa wa mjane wa kule chini mtoni. Majina mazuri yalishikwa kama viti vya mbele kanisani. Amri zenyewe, za kulia, kushoto na lala, walizitoa kwa Kiingereza, na sababu haijulikani; watu walichumbiana, wakagombana na kusali kwa Kiwelisi, kisha wakamgeukia mbwa na Kiingereza kana kwamba ni karani wa benki.

Jina moja tu zuri lilibaki bila mbwa: Nel. Nalo lilikuwa la Tecwyn wa shamba la Hafod Wen.

Nel mwenyewe alikuwa amekufa, ila Tecwyn hakumwacha apumzike. Ukikaa naye kidogo utasikia jinsi Nel alivyoukusanya ukungu wote mlimani akausukuma hadi bonde la jirani, ambako uko hadi leo. Au siku mchungaji wa kanisa alipopotea katikati ya mahubiri, Nel akaingia, akamzunguka polepole, akamrudisha kwenye aya yake. Idwal aliwahi kuliomba jina hilo kwa ajili ya mbwa wake wa pili, akaja na paja zima la nguruwe lililokaushwa. Tecwyn alilila paja, jina akabaki nalo.

Alikuwa akimwekea mtu. Binti yake wa pekee, Lowri, alikuwa mjini Cardiff akimsaidia daktari wa meno, na mwaka huo alirudi na mabegi yake akasema shamba atalichukua yeye. Baba akamtafutia kijibwa jike, cheusi, shingo nyeupe. Desturi ni kwamba atakayefanya kazi na mbwa ndiye humpa jina. Wengine hufunga midomo. Tecwyn akaufunga wake, akangoja kuombwa Nel. Hotuba ya kulikabidhi alishaiandaa, akiifanyia mazoezi mbele ya kondoo dume.

Lowri hakuomba.

"Kesho nitalijaribu jina, Baba," alisema mezani, akipaka siagi kwenye mkate.

"Jina gani?"

"Utalisikia. Kama masikio bado yapo."

"Yapo majina mengine hata hayahitaji kujaribiwa," Tecwyn alisema, akiitazama dari. "Yalishajaribiwa."

Menna, mkewe, akacheka ndani ya kikombe. "Mwache mtoto. Ulipoleta jina la Nel, marehemu baba yako alisema linamfaa bata."

Kulijaribu jina ni hivi: mwenye mbwa hupanda hadi jiwe kubwa lililo juu ya shamba, akaliita jina upepo ukimpiga usoni. Mzee wa nyumba husimama chini kabisa, kwenye ukuta wa mawe, na jirani mmoja awe shahidi. Jina likimfikia, huvua kofia akainyanyua. Asiponyanyua, tafuta jina lingine.

Usiku ule Tecwyn alilala na mpango wake. Kofia ingekaa kichwani kama imepigwa misumari, mpaka binti achoke, afikirie, na aite Nel.

Asubuhi upepo ulitoka magharibi, ule wa kumvua kondoo manyoya bila mkasi. Idwal alishafika ukutani na Moss wake. Juu, Lowri alikuwa kama kijiti kilichochomekwa kwenye jiwe, kijibwa kikiwa ndani ya koti lake.

Akaita. "Bec."

Likafika, kavu, limepasuka vizuri kama kuni za mwaka jana. Tecwyn alilisikia hadi kwenye meno. Kofia haikusogea.

"Mimi nimesikia," Idwal alisema. "Wewe masikio umeyaacha kitandani?"

"Upepo, bwana."

"Upepo huu huu unaonipiga na mimi?" Idwal akajikuna shingo. "Sema tu, mzee, moyo unauma. Umelifuga jina miaka yote, na binti yako mwenyewe halitaki. Sasa nipe mimi. Paja la nguruwe lilikuwa tamu, au sivyo?"

Tecwyn aliikandamiza kofia kichwani. Neno lile lilimchoma kwa kuwa ni kweli. Kama Lowri halitaki Nel, basi yote aliyokuwa nayo mlimani yangeishia kwake, na yeye angebaki mzee mwenye hadithi.

"Bec."

Mara hii aliacha kulisikiliza jina, akaisikiliza sauti. Alimwacha binti huyu aende mjini na sauti ya kumwambia mtu apanue mdomo taratibu. Hii iliyoshuka sasa ilikuwa na miguu. Ilipita juu ya majani makavu, ikaruka kijito, na kondoo waliokuwa wakila kando ya ukuta wakainua vichwa wote pamoja. Moss hakutikisa hata sikio: jina halikufanana na lake.

Juu kule Lowri aliitazama kofia isiyonyanyuka. Mtu mwingine angeteremka kuuliza. Yeye alitanua miguu, akajaza kifua.

"Bec."

Lile lile. Hakubadilisha hata nusu yake. Na Tecwyn akaona kwamba ukaidi ule aliufahamu vizuri, aliuvaa yeye mwenyewe juu ya jiwe lile lile, baba yake akiwa hapa ukutani anazungumzia bata. Hivi ndivyo anavyosimama mwenye shamba. Hafod Wen ilikuwa na mwenyewe, alikuwa kule juu, na bonde zima lilikuwa likimsikia.

Aliivua kofia akainyanyua juu mno, hata upepo ukamnyang'anya. Idwal anasema iliangukia kwenye shamba lake la nyasi. Tecwyn anasema ilipatikana Ireland.

Lowri aliteremka mashavu yakiwa mekundu. "Ulichelewa sana."

"Nilikuwa nalionja. Nel ulilionaje, baya?"

"Nel ni lako, Baba." Alikifunika kijibwa sikio. "Nikiita Nel mlimani, watu watamkumbuka mbwa wako. Waendelee kumkumbuka. Mimi nataka nikiita Bec, wanitazame mimi."

Tecwyn alinyoosha mkono akakikuna kijibwa shingo nyeupe.

"Kwa hiyo Nel liko wazi," Idwal akasema.

"Nel lina mwenyewe. Nenda ukale nyama yako."

Akakichukua kijibwa kutoka kwenye koti la binti yake. Kikamkojolea mkono, naye hakujali. Njia ya nyumbani ilikuwa ni kukata shamba tu, lakini akashika barabara ndefu, ile inayopita mbele ya kila lango la bonde, kichwa wazi, kijibwa kifuani, Lowri nyuma yake. Na kila aliyetoka kuuliza, "Huyu anaitwaje?" alimjibu bila kusimama:

"Mwenye mbwa yuko nyuma. Muulizeni yeye."