Upande wa Maji

Odiel alikuja Jumapili na koti juu ya koti, skafu juu ya skafu, ananukia kama duka la kinyozi. Mdogo wangu Godelieve, mjane wa siku nyingi, alikuwa amemwahidi kwamba watatembea pamoja, na atampa jibu watakapofika darajani: ataolewa naye au la. Mimi nikafuata nyuma yao. Sikualikwa, nilikwenda tu.

Mtaa wa Groenerei una nyumba upande mmoja na mfereji upande wa pili, na ukingo wake hauna uzio. Ndiyo maana sisi wa mtaa huu tumezoea mwanamume atembee upande wa maji. Hatukufundishwa shuleni, mama alikusukuma kwa kiwiko tangu ungali mdogo, ukaelewa. Odiel amezaliwa hapa hapa Brugge, mlango wa nne kutoka kwetu. Na bado alijibana ukutani kama mjusi, mdogo wangu ndiye aliyetembea ukingoni.

"Bwana Odiel," nikamwita, "huko ukutani kuna nini kitamu?"

"Mawe ya ukingoni yanateleza, shemeji. Na viatu hivi ni ngozi laini."

"Shemeji wa lini tena? Haya, kitendawili!"

"Tega," akasema kinyonge.

"Nguo juu ya nguo, ukizivua zote humkuti mtu."

Akafikiri mpaka jasho likamtoka. "Mfalme?"

"Kitunguu, baba. Ila na wewe ungefaa."

"Dada, mwache bwana!" Godelieve akanikemea, lakini midomo ilimcheza.

Tulipokaribia ngazi za mashua, bata mmoja mweupe, wa wale wenye shingo ndefu, akapanda kutoka majini kwa hasira, mabawa wazi. Ndege huyo watoto wa chekechea humfukuza kwa kofia. Odiel akaruka nyuma ya Godelieve, akamshika mabega, akamsukuma mbele kama mtu anayefunga mlango!

Godelieve akapunga mkoba mara moja, bata akarudi zake majini. Kisha akaibandua ile mikono mabegani, kidole kimoja kimoja.

"Odiel, hamia upande wa maji."

"Mpenzi, yule ndege bado yupo."

"Namwona. Hamia."

Akatazama maji, akatazama viatu, akatazama mlango wa watu kama anayetaka kubisha hodi. Hakusogea.

"Basi jibu usilisubiri darajani. Chukua hapa hapa: sikutaki."

Nikaenda upesi nishike nafasi ya ukingoni. Godelieve akanivuta.

"Wewe na magoti yako hayo? Kaa huku upande wa ukuta, dada."

Akapita yeye upande wa maji, tukaenda zetu. Odiel tulimwacha ameuegemea ukuta, anapangusa viatu vilivyokuwa vikavu.