Njia ya Nyuma ya Mizani

Fundi Sindano alikuwa na miaka thelathini katika kazi ya kushona maturubai ya malori, na miaka yote hiyo hakuwahi kukata tiketi ya basi. Akitaka kusafiri, aliuliza tu ni lori gani linarudi tupu, akarusha mfuko wake kabini, na nauli akailipa kwa sindano: kiraka hapa, mshono pale. Alijisifia jambo hilo mpaka majirani wakachoka masikio.

"Safari hii panda basi, baba watoto," mkewe alimwambia Jumanne asubuhi. "Mtu hatoki jela kila siku."

"Alhamisi saa tatu asubuhi nitakuwa getini. Mimi barabara hainidanganyi."

Aliyekuwa anatoka ni mdogo wake, baada ya miaka saba, katika gereza la mwisho wa nchi. Walipoonana mara ya mwisho, alimwomba kitu kimoja tu. "Kaka, siku hiyo nikute uso ninaoujua. Nikikuta barabara tupu, sijui miguu itanipeleka wapi." Sindano akaapa kwa jina la mama yao. Nauli ya basi alikuwa nayo mfukoni, tena kamili. Lakini ubahili ukishazoeleka huitwa akili, na mwenye nao ndiye wa mwisho kujua.

Lori la kwanza lilipasuka tairi mara mbili. La pili lilimshusha njia panda, akakaa hapo nusu siku akishona turubai la mtu ili apate la tatu, la vitunguu, lililopanda milima kwa mwendo wa bibi harusi. Alhamisi saa tatu ilimkuta bado milimani. Mgongo ulikuwa umekufa ganzi, macho yanawasha kwa harufu ya vitunguu, na kila alipomtazama dereva, dereva alitazama mbele.

"Mzigo mzito, fundi. Nikikanyaga zaidi tunaishia korongoni."

Saa saba mchana walifika kwenye mizani, pale malori yanapopimwa uzito kabla ya kuingia mjini. Kubeba abiria kwenye lori la mizigo ni kosa, kwa hiyo Sindano alifanya kama alivyofanya siku zote: akashuka mita mia mbili kabla, akashika njia ya miguu inayopita nyuma ya ukuta wa kituo, akatokea upande wa pili na kuketi juu ya jiwe kulisubiri lori. Foleni ilikuwa ndefu. Akasinzia. Lori lilipomchukua, saa nane ilikuwa imepita.

Getini alikuta askari mmoja mtu mzima, anakula karanga.

"Wewe ndiye kaka mtu? Mwenzio alisimama hapa mpaka saa nne. Nikamwambia aende stendi ya mabasi, pengine umechelewa. Akacheka. Akasema, 'Kaka yangu na basi wapi na wapi? Huyo atakuja na lori.' Akaenda kukungoja kwenye mizani, kwa miguu."

Sindano aligeuka akakimbilia barabarani. Alisimamisha bodaboda ya kwanza iliyopita, akapanda bila hata kuuliza bei.

Alimkuta mbele ya kituo, kwenye lango ambalo kila lori hulipitia. Alikuwa amekonda, mfuko wa plastiki mkononi, shati ni lile lile aliloingia nalo miaka saba nyuma, limekuwa kubwa mabegani. Lori likisimama, alijinyoosha kuchungulia kabini. Likiondoka, alirudi nyuma hatua moja akangoja lingine.

"Mdogo wangu."

Yule mtu aligeuka, akamtazama sana, kisha akamkumbatia. Walikaa hivyo mpaka dereva mmoja akawapigia honi wampishe.

"Nimechungulia kila lori tangu saa sita, kaka. Hakuna lililonipita. Wewe umepita wapi?"

Sindano alitamani kusema uongo, ila hakuwa na nguvu ya kuutunga. Alinyoosha kidole kwenye njia ya miguu, nyuma ya ukuta. "Pale. Saa saba. Nimekaa upande wa pili zaidi ya saa nzima, nikilingoja lori."

Mdogo wake aliutazama ukuta. Haukuwa mrefu, mtu angeweza kuita akasikika.

"Miaka saba niliivumilia," alisema taratibu, "kwa sababu niliujua mwisho wake. Leo, kaka, sikujua."

Sindano alilia hadharani, mbele ya madereva waliomjua kwa jina. Hakujificha. Baadaye waliondoka kwa miguu kuelekea stendi, kaka mkubwa nyuma, mdogo mbele, na kila baada ya hatua chache mdogo aligeuka kuhakikisha kama bado anafuatwa.