Kielelezo Chenye Mito Mitatu

Hospitalini walimwita Usipumue, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa mpiga picha za eksirei, na nusu ya kazi yake ilikuwa ya polisi na mahakama: risasi iliyojificha begani, mtu anayebishaniwa umri, maiti isiyo na mwenyewe. Kila alipotaka kubonyeza kitufe alisema, "Vuta pumzi. Usipumue." Aliwaambia hivyo hata marehemu wa mochwari, kwa mazoea tu, na alikiri kwamba hao ndio waliomtii kuliko wagonjwa wote.

Alikuwa mtu wa utaratibu mpaka akere. "Picha ya mahakama si ile iliyotoka vizuri," alipenda kusema. "Ni ile ambayo unaweza kuapa nani alikuwa mbele ya mashine, nani alikuwa nyuma, na nani alishuhudia." Shahidi wake alikuwa mpiga picha mwenzake, mama mmoja mcheshi waliyemwita Mama Saini kwa sababu kazi ile ilimfanya atie saini kuliko meneja wa benki.

Jumatatu moja ikaja barua ya hakimu. Usipumue aliisoma mara mbili, kisha akampa Mama Saini.

"Imeandikwa kochi," alisema Mama Saini.

"Labda ni jina la mtu."

"Kochi la watu watatu?"

Basi wakaisoma yote. Kulikuwa na mzee, dereva wa treni mstaafu, aliyekuwa na meno ya bandia yenye jino moja la dhahabu. Mzee alifariki mchana akiwa amejipumzisha kwenye kochi lake. Walipomtazama kinywani, meno hayakuwamo. Nyumbani siku hiyo alikuwapo mkwewe peke yake, mke wa mwanawe, fundi cherehani. Binti mkubwa wa marehemu, mwalimu mkuu mstaafu, hakuuma maneno: mwizi ni wifi yake. Wakafika polisi, wakafika mahakamani. Fundi alijitetea kwamba mzee alizoea kuyavua meno kabla ya kulala, na bila shaka yamedidimia ndani ya kochi. Kwa nini basi kochi lisipasuliwe? Kwa sababu Mwalimu ndiye aliyelirithi, na alikuwa ametamka mbele ya hakimu kwamba atakayelitia mkasi aanze na yeye. Hakimu, aliyekuwa na mafaili mengine arobaini mezani, akaamuru lipigwe eksirei.

Kochi lilifika Jumatano asubuhi juu ya pikapu, likisindikizwa na koplo mmoja mnene pamoja na wanafamilia watatu: Mwalimu, Fundi, na mume wa Fundi, ambaye kwa kuwa amekaa katikati ya dada na mke alikuwa ameshaacha kuzungumza. Alikumbatia mto mmoja wa kochi kama mtoto mchanga.

Mlangoni kochi likagoma. Wakaligeuza ubavu, wakalisimamisha wima, Koplo akabanwa kati yake na ukuta akaita mama yake. Mwishowe wakafungua miguu minne, na Koplo akaifunga kila mmoja kitambulisho chake, akisema kielelezo cha mahakama kikigawanyika kinakuwa vielelezo vitano na yeye hataki kulala ndani kwa ajili ya mguu wa kochi.

Kisha Usipumue akatoa fomu.

"Jina la anayepigwa picha?"

"Kochi," alisema Koplo.

"Umri?"

"Miaka thelathini na moja," alisema Mwalimu. "Nilikuwapo liliponunuliwa."

"Jinsia?" Usipumue alisita, akachora mstari. "Mjamzito?"

"Hilo si ndilo tunalotaka kujua?" alisema Mama Saini.

"Limewahi kufanyiwa upasuaji?"

Watu wakacheka, lakini Fundi akainamisha kichwa. "Nilibadilisha kitambaa mara mbili," alisema. "Mzee mwenyewe aliniomba."

"Mnaona!" Mwalimu alinyoosha kidole ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kimewaliza wanafunzi. "Anajua hata linakofungukia!"

"Wifi, fundi asiyejua linakofungukia atalishonaje?"

Usipumue akaandika yote mawili, kwa mwandiko ule ule, bila kuinua macho.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa pande. Kila picha lazima iwekwe alama ya kushoto au kulia, na hapo swali likazuka: kushoto kwa kochi ni wapi? Mwalimu alisema ni kushoto kwa anayelitazama, kama ubaoni. Usipumue alisema hapana, kushoto ni kwa mgonjwa. Koplo, akitaka kusaidia, akaandika "K" kwenye karatasi na kuibandika upande mmoja.

"K ya kulia au ya kushoto?" aliuliza Mama Saini.

Koplo aliitazama karatasi yake kwa muda mrefu. "Ndiyo," alisema.

Halafu, ili aonyeshe pande vizuri, akaketi. Akaketi kabisa, akaegemea, akanyoosha na miguu.

"Koplo," alisema Usipumue kwa upole wa kutisha, "umekalia kielelezo."

Ikabidi Koplo aandike maelezo kwamba saa nne na dakika kumi alikalia kielelezo kwa sekunde sita, upande ambao ni kushoto kwake, bila nia mbaya. Mama Saini akashuhudia, akatia saini. Angalau swali la pande likawa limekwisha.

Wote wakaenda nyuma ya kioo. "Vuta pumzi," alisema Usipumue kwenye kipaza sauti. "Usipumue." Mashine ikalia. Yeye akaanza kukagua picha ya kwanza kwa makini, akasogeza mwanga, akaikuza, akaipunguza. Nyuma yake Koplo alikuwa amebadilika rangi, mashavu yamevimba kama puto.

"Pumua, baba!" Mama Saini alimpiga mgongoni. "Alikuwa anaongea na kochi!"

Zilipigwa picha kumi na mbili. Springi zilionekana kama nywele zilizosokotwa, na misumari kama siafu waliopanga foleni. Kisha, katikati ya springi, vikaanza kujitokeza vitu. Vijiko saba. Filimbi moja.

"Filimbi yangu ya shule!" Mwalimu alipaza sauti. "Nilimfukuza bawabu kwa ajili ya filimbi ile!" Akasikia mwenyewe alichosema, akainamisha macho.

"Na ule ni mkasi wangu," alisema Fundi taratibu. Kwa miaka minne alikuwa amemnunia wifi yake kwa ajili ya mkasi huo, na sasa hakujua akuweke wapi kununa kote kule.

Picha ya tisa ikatoka. Meno yalikuwamo, yamepinda kama mwezi mchanga, na kati yake jino moja jeupe pe, kwa maana dhahabu haipitishi mionzi. Fundi aliketi sakafuni akalia. Mumewe akampa ule mto.

"Subirini," alisema Usipumue. "Meno ni meno. Ya nani?" Akaenda kwenye kumbukumbu, akarudi na picha ya taya la mzee, iliyopigwa pale pale miaka mitatu nyuma alipoteleza bafuni. Mgonjwa hutakiwa avue kila cha chuma, lakini mzee alikataa katakata kuvua dhahabu yake mbele ya wauguzi. Usipumue aliziweka picha mbili pamoja: kibanio kile kile kilichopinda, pengo lile lile pembeni. Hakusema "ndiyo yenyewe." Aliandika, "Sikuona tofauti yoyote kati ya hivi viwili." Kwake yeye hayo yalikuwa mayowe ya furaha.

Ndipo Mama Saini akagusa picha ya kumi na moja. "Na haya je?"

Yalikuwa meno mengine ya bandia. Ya juu, yenye waya, bila dhahabu.

"Mwenyewe hajulikani," Usipumue aliandika. "Kwa kumtambua, itabidi tupige picha vinywa vya wote waliowahi kukaa—"

"Hakuna haja," alisema Mwalimu.

Sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba wote waligeuka. Mwalimu alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa.

Fundi alifuta machozi, akamkazia macho. "Wifi. Ule mwaka ulipokaa wiki mbili bila kusema, unatuandikia kwenye karatasi. Ukasema koo limekauka."

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali.

"Nikakuchemshia tangawizi kila asubuhi!"

"Nilijipumzisha hapo baada ya chakula," alisema Mwalimu nyuma ya kitambaa. "Nilipoamka hayapo. Mwalimu mkuu angesemaje kwamba amepoteza meno?"

Fundi angeweza kumlipa papo hapo. Maneno yalikuwa yamemjaa. Lakini kicheko kikamtangulia, na kilipotoka hakikurudi. Mumewe naye akacheka, sauti ya kwanza kusikika kwake tangu asubuhi. Hata Usipumue aligeukia ukuta kidogo.

Mahakamani Ijumaa, hakimu alisoma ripoti hadi yale meno ya pili, akauliza haya ni ya nani. Mwalimu alinyoosha mkono, kiwiko kimeshikwa kwa mkono wa pili, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Shauri likafutwa. Nje ya jengo alimwambia Fundi, "Nimekosea, wifi. Nimekuvunjia heshima mbele za watu, na mbele za watu nitakuomba radhi." Akageuka, akaomba radhi kwa sauti ya uwanjani, mpaka wauza karanga wakasimama.

Jumamosi Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeomba kochi lipasuliwe. Fundi alipiga magoti nyuma yake na wembe, akafumua mshono uzi mmoja mmoja, huku Mwalimu akimshikia tochi na kumwelekeza pasipohitaji kuelekezwa.

"Kushoto kidogo, wifi."

"Kushoto kwa nani?"

Mwalimu akafikiri. "Ingiza tu mkono," alisema.