Viatu Mlangoni pa Hekalu

...hapana, si yeye, miguu ya watu hufanana, alijiambia Ephantus, amechuchumaa mikono kisogoni katika mstari wa wanaume arobaini kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, Subukia, jua la saa nne likimchoma utosini, na mbele kabisa, kando ya meza ya afande mzungu, kasimama mtu wa gunia, gunia la kahawa lililotobolewa matundu mawili ya macho, limemfunika kuanzia kichwani hadi magotini ili asijulikane, na kazi yake ni moja tu, kuwaonyesha waliokula kiapo cha wapiganaji wa msituni, ukisimamishwa mbele yake atikise kichwa au akiinamishe, akitikisa unarudi kazini, akiinamisha unapanda lori lile lenye wavu, na tangu lori hilo lianze kuja mwezi uliopita hakuna aliyelipanda akarudi hata kuchukua blanketi lake... hapana, si yeye, mguu wa kushoto una kovu, sawa, lakini ni nani shambani hapa asiye na kovu la jembe au la panga, ila hili limeanzia kisiginoni likapinda kuingia ndani kama mundu, na Ephantus analijua kwa sababu jeraha lenyewe alilifunga yeye, kwa kipande cha shati lake, mwaka wa arobaini na tano, kwenye ngazi za hekalu, nchi ya Bama. "Wewe fundi, macho yako chini! Mimi nasema mara moja tu," akafoka Kiptanui, askari mwenye rungu, na Ephantus akatii, akateremsha macho, na macho yakiteremshwa yataona nini kama si miguu, Mungu wangu, mzungu ana akili za kuunda ndege lakini hili halijui, anadhani mtu ni uso, ukifunika uso umemficha mtu, kumbe sisi tuliopelekwa na Keya, jeshi la Mwingereza, kupigana na Mjapani tulipita misituni mmoja nyuma ya mwingine miezi minane, na mbele yangu miezi yote minane alikuwa Ndung'u, uso wake niliuona jioni tu, mchana kutwa niliona visigino, cha kushoto kikitupwa nje kidogo, na tukisimama huegemea mguu wa kulia, vidole vya kushoto vikipapasa ardhi, hivyo hivyo vinavyopapasa sasa hapo mbele, kwenye sakafu ya simenti tuliyoimwaga wawili, mimi na yeye, baada ya vita, yeye akichanganya kokoto na mimi nikisawazisha kwa ubao. Si yeye, basi, tuseme si yeye, Ndung'u yuko Lanet anatafuta kazi, mkewe alisema hivyo wiki tatu zilizopita akilia mlangoni, na Mugure wangu, na tumbo lake hilo la miezi minane, akampimia debe la unga, kila Jumamosi debe, watoto wa Ndung'u ni watoto wetu, alisema, na mimi nikajisifu moyoni kwamba nimeoa.

Mji ule ulikuwa kando ya mto Irawadi, mto mpana usiokuwa na haraka, unaitwa Pagan, mkalimani aliwaambia, na mahekalu yalikuwa mengi hata macho yakachoka, mengine makubwa kuliko kanisa lolote la Nakuru, mengine madogo kama ghala la mahindi, yote ya tofali jekundu, mengine yameota nyasi kichwani, ya wafalme waliokufa zaidi ya miaka mia saba iliyopita, na Ephantus, ambaye wakati huo alikuwa koplo lakini mkono wake ulikwisha kuwa wa fundi, alipitisha kidole katikati ya tofali na tofali akakosa pa kukiingiza, hata wembe usingepita, akamwita Ndung'u, njoo uone kazi ya watu, njoo, naye kapteni wao akapita na buti zake hadi ndani akisema haya ni mawe tu, twendeni, lakini mlangoni palikuwa na bibi kizee mwenye ufagio, mfupi, kichwa kimenyolewa, alinyoosha ufagio akawaonyesha miguu yao, na aliyeinama kwanza kufungua kamba za buti alikuwa Ndung'u, Ndung'u huyu, akasema, "Nyumba ya Mungu wa mtu ni nyumba ya Mungu, Ephantus. Vua." Wakaingia peku, ndani baridi, giza, harufu ya maua yaliyonyauka, na sanamu kubwa iliyopakwa dhahabu ikiwatazama kutoka juu kama mzee aliyekwisha kuwasamehe kabla hawajakosa, na pale chini Ndung'u akamshika mkono akasema tukifika nyumbani mmoja asimwache mwenzake, sema, na Ephantus akasema, na walipotoka Ndung'u akakanyaga kigae kilichovunjika, damu ikatiririka ngazi nzima, bibi yule akaja na maji, Ephantus akachana shati, akambeba mgongoni hadi mtoni, na njiani jitu zima linacheka, linasema nitakulipa siku moja, nitakubeba nawe. "Ingine! Pesi pesi!" Ndiye afande huyo, na aliyeinuliwa ni Naftaly, kiongozi wa kwaya, Naftaly ambaye akimkuta siafu njiani humruka, hajala kiapo chochote, anaogopa hata kuapa kortini, na Ephantus akavitazama vidole vile vya mguu wa kushoto, akaviona vikijikunja, vikikamata simenti, ndipo gunia likainama. "Si mimi! Jamani, si mimi, muulizeni pasta!" Kiptanui akamsukuma kwenye lori, na kitabu cha nyimbo kikaanguka na hakuna aliyekiokota. Basi ni yeye, na ni mwongo pia, kama ungekuwa unasema kweli, Ndung'u, ningekuchukia kidogo tu, lakini Naftaly... umempa Naftaly ili ujaze hesabu yao, wamekupiga, najua wamekupiga, kifundo hicho kimevimba, mtu akipigwa husema, mimi mwenyewe labda ningesema, lakini ningesema jina lako? Wahenga walituonya kuwa kikulacho ki nguoni mwako, hawakutuambia kitavaa gunia na kula unga wetu kila Jumamosi. Na kile kiapo, je, nani alinipeleka kwenye kiapo, ni wewe, ulikuja jioni umevaa koti la kanisani ukasema twende tukanywe chai kwa mjomba wangu, chai, nami mjinga nikakuambia Mugure asituwekee chakula, na kwa mjomba hakukuwa na chai wala mjomba, kulikuwa na tao la migomba na watu wamesimama na mapanga, wakasema vueni viatu, na nilipositasita uligeuka ukanicheka, "Umesahau Bama? Vua," nami nikavua, nikafuata visigino vyako nikapita chini ya tao kama nilivyopita chini ya lile la tofali, kwa sababu mbele yangu ulikuwa wewe, na mbele yangu ukiwa wewe sijawahi kuuliza tunakwenda wapi. Shahidi mwingine sina, walioniapisha siwajui na hawanijui, anayejua kwamba Ephantus fundi amekula kiapo ni mmoja chini ya mbingu hii, na ameegemea mguu wa kulia.

Waliobaki mbele yake ni wawili, kisha mmoja, na wakati wote tangu asubuhi alikuwa ameomba dua moja, kichwa kile kitikisike, kitikisike tu, kwa sababu wakichukua mwanamume jioni hiyo hiyo huichoma nyumba na mke hupakiwa na sufuria zake apelekwe kwenye ardhi ya Wakikuyu asikomjua mtu, na Mugure hawezi, miguu imemvimba, atazalia barabarani, tikisa, tikisa, aliomba hivyo bila kujua anamwomba nani, na sasa anajua, na dua ameikatiza, maana akitikisa je... akitikisa ataamka kesho na kumkuta Mugure hai ubavuni pake, asante Mungu, na nyumba ya Naftaly itakuwa majivu, mkewe amepakiwa na sufuria zake, na wanaume watamtazama Ephantus wakijiuliza huyu alipitaje, na Jumamosi mke wa Ndung'u atakuja na debe lake, nalo litajazwa, kila Jumamosi, maisha yote, na usiku mmoja Ndung'u mwenyewe atabisha hodi, atakaa kwenye kigoda chake kile kile, atasema nilikubeba, sikukubeba? Na akiinamisha... Hasira ilimpanda Ephantus hadi machozi yakamtoka, akayaacha, watu watadhani ni jua. Alikuwa ameogopa kichwa kuinama, sasa anaogopa vyote viwili sawasawa, na mtu akiogopa vyote viwili sawasawa hofu humwisha, hilo alilijua tangu Bama, linakuja ghafla tu, unabaki mwepesi. "Wewe fundi! Simama, enda mbele!" Akasimama, magoti yakalia, akapiga hatua mbili, kisha akainama. "Unafanya nini? Nani amekuambia uiname?" Kiptanui akainua rungu, afande akainua uso kutoka kwenye karatasi, na Ephantus akafungua ukanda wa akala zake za mpira wa gari, wa kulia, wa kushoto, taratibu kama mtu aliyefika mahali alipokuwa akienda, akaziweka kando sambamba, kama mlangoni pa lile hekalu, na simenti ilikuwa ya moto, laini, haina wimbi hata moja, kazi ya watu. "Hapa tunavua," akasema, kwa sauti ya chini, akilitazama gunia, na lile gunia halikutikisika wala halikuinama, afande akagonga meza kwa kalamu, akagonga tena, "Ndiyo ama hapana?" na Ephantus hakukitazama kichwa, aliyemhitaji hakuwa huko juu, aliitazama miguu, akauona ule wa kushoto ukirudi nyuma, ukijaribu kujificha nyuma ya mwenzake, na hapakuwa na gunia la kuufunika.