Bilauri za Jumatano

Kila Jumatano baada ya Magharibi, kwa vile enzi hizo Alhamisi haikuwa siku ya kazi Oman, wanaume watatu walikaa sebuleni kwa Thabit, Madinat Sultan Qaboos, Maskati, wakimsaka mtu aliyeua wanawake London mwaka 1888. Sahani ya visheti ilikuwa mezani, kiyoyozi kinavuma, na Thabit ametandaza ramani ya mitaa ya huko. Aliinunua alipokuwa mwanafunzi, na hadi leo aliijua kuliko njia ya kwenda Bawshar.

Jikoni, mkewe Nasriya alikuwa akiosha bilauri. Alizisugua kwa sabuni, akazisuuza mara mbili, nazo zikatoka kama vilivyotoka vyombo vyote alivyoviosha tangu Ramadhani: zina alama ya mkono. Vidole vitatu vizima, cha pete kifupi, na dole gumba upande wa pili, vyote rangi ya zambarau. Alama hiyo ilikuwa kwenye masufuria na kwenye mashuka. Mwanawe Safwan alikwenda nayo shule mgongoni, mwalimu akauliza kama ni wino. Thabit alinung'unika kidogo kwa ajili ya kanzu zake za kazini, kisha akaanza kuzipeleka kwa dobi, na maneno yakaisha.

Ramadhani ndipo alipofariki Khole, mdogo wake Nasriya, nyumbani kwake Al Khoudh. Mumewe, Zahor, alisema ameteleza hamamuni. Dokta Amur, rafiki wa familia, alifika, akasimama mlangoni kwa heshima, hakufunua hata shela, akaandika kwamba ameanguka. Nasriya na mama yake, Bi Mastura, ndio waliomwosha maiti. Shingoni walikuta mkono.

Bi Mastura aliutazama mara moja tu, akavuta sanda. Akamkumbusha bintiye jambo analolijua kila mwoshaji: ulilolikuta juu ya maiti hulitoi nje. Nasriya akanyamaza. Amri ile iliwekwa ili maiti asitiriwe. Hakujua ilianza lini kumsitiri aliye hai. Usiku alijitungia maneno ya kumtetea shemeji yake, kwamba pengine alimdaka mkewe asianguke, lakini asubuhi maneno hayo yalikuwa hayamtoshi hata yeye mwenyewe. Alimshuku Zahor anapocheka, akamshuku anapolia, na zaidi alimshuku anapokula, kwa sababu hapo ndipo alipouona mkono wake vizuri.

Na sasa Zahor alikuwa amemposa Aseel, dada yao mdogo, aliyekuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu. Bi Mastura alifurahi: watoto wa Khole wangelelewa na mama yao mdogo, si na mtu baki. Baba yao alishafariki, na ami yao, aliyekuwa walii wa kumwozesha, alisema atafuata neno la Thabit. Thabit alitakiwa kulitoa neno hilo Ijumaa.

Nasriya alibeba sinia, akaingia sebuleni. Dokta Amur alikuwa amepamba moto. Tatizo la kesi ile, alisema, ni madaktari wenyewe. Mmoja aliapa kwamba muuaji alikuwa na elimu ya mwili, mwingine akasema hata mchinjaji asingekata ovyo vile. Kuna aliyedhani muuaji ana shoto, kisha akasitasita. Na baya kuliko yote, maiti moja ilivuliwa nguo na kuoshwa na watu wa chumba cha maiti kabla daktari hajaikagua sawasawa. Thabit alitikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. Yeye alishikilia kwamba muuaji ni wakili aliyekutwa amekufa mtoni. Zahor, mwenzao wa tatu, alimshuku kinyozi.

"Tazama uzembe huo," alisema Dokta Amur. "Damu ya watu imekwenda bure kwa sababu hakuna aliyeangalia kwa wakati wake."

Akachukua bilauri yake ya sharubati ya ukwaju, akaiinua kwenye taa. Akaigeuza polepole, akavaa miwani. Kwa miezi alikuwa akinywea vyombo vile bila kuvitazama, lakini leo alikuwa katika hali ya kutazama.

"Huu mkono wa kushoto," alisema. "Dole gumba limekandamiza kuliko vidole vingine. Aliyeminywa na aliyeminya wametazamana. Na kidole cha pete kimekatika kwenye kiungo."

Thabit alisogea, naye akaona. Wakapima, wakabishana juu ya nguvu iliyotumika, wakakubaliana kwamba haikuwa bahati mbaya. Thabit akauliza kama inawezekana yule mtu wa London naye alikuwa na kasoro ya kidole. Dokta alisema inawezekana sana, na kwamba ni ajabu watafiti wote hawajaliwaza hilo. Wakamtaka Zahor rai yake.

Zahor alikuwa akinywa. Alikunywa kwa mkono wa kushoto, maana hata bakora za chuo cha Kurani Unguja hazikumtoa shoto yake, na kidole chake cha pete kilikatwa nusu na mlango wa gari. Kila kidole kilikaa juu ya alama yake kwenye bilauri, hata ile zambarau haikuonekana.

"Nakubaliana na daktari," alisema Zahor. "Vinyozi huumia vidole."

Nasriya aliweka sinia chini. Aliogopa, lakini alisema.

"Huo mkono wa Zahor. Mie ndiye niliyemwosha Khole, na nliukuta shingoni mwake. Baba Safwan, usimpe Aseel."

Dokta Amur alivua miwani, akaifuta kwa pembe ya kanzu yake, na akazungumza kwa upole.

"Mama Safwan, mie nlishaandika. Na hicho unachokisema wewe, kiko wapi? Kimeoshwa."

"Kimeoshwa na nani?"

"Na wewe."

Thabit alikuwa ameinama juu ya ramani. Alikitazama kidole cha Zahor, akaitazama bilauri, kisha akamwomba mkewe barafu. Zahor alimwinulia Nasriya sinia kwa adabu, akamwambia, "Pole, shemegi. Sote kifo cha Khole kimetuuma." Ijumaa Thabit alitoa neno, na neno lilikuwa ndiyo.

Kwa desturi yao bi harusi husingwa, husuguliwa mwili kwa singo ya manukato, na dada mkubwa. Aseel alikaa kwenye kigoda, amejifunga kanga, akamwambia dada yake kwamba alama ya kwenye vikombe ameiona siku nyingi. "Lakini mie nende wapi, da Nasriya? Nyumba zote ndiyo hizihizi." Nasriya alichukua singo, akaanza na shingo. Akaisugua kwa makusudi, akaisuuza, akaisugua tena, mpaka mkono ukatoka wote, vidole vitatu na nusu, wazi kabisa. Kisha akafungua mlango, akawaita wanawake waje kumtazama bi harusi.

Walikuja. Walitazama. Hakuna aliyeuliza ni mkono wa nani. Bi Mastura alishika kidevu cha Aseel, akageuza shingo huku na huku, akatuma mtu chumbani kwake.

Kililetwa kidani kipana cha dhahabu, kile alichovaa Khole siku ya harusi yake. Bi Mastura alikifunga mwenyewe. Kilienea barabara, hakikubakisha hata kidole kimoja nje.