Safu Iliyodunda Polepole

Kitinda alikuwa na miaka thelathini na miwili, na kazi yake ilikuwa kuhesabu mioyo. Tuseme ukweli, haikuwa mioyo mizima. Zilikuwa seli za moyo wa panya, zilizooteshwa kwenye visahani, zikidunda zenyewe chini ya hadubini kana kwamba hazijapata habari kuwa mwenyewe amekufa.

Jina hilo la kitindamimba lilikuwa limemganda tangu utotoni, na aliyelishikilia zaidi ni mama yake. Mama alikuwa na saratani ya titi. Dozi tatu za dawa nyekundu ya saratani, inayotiwa mshipani, zilikuwa zimeusinyaza uvimbe vizuri, ila zilikuwa zikiutafuna na moyo. Daktari hakumung'unya maneno: nguvu ya moyo ya kusukuma damu ilishuka kutoka asilimia sitini na mbili hadi hamsini na nne. Ikienda chini ya hamsini, dawa inasimama, na bado dozi tatu.

Na maabara ya Kitinda ilikuwa ikichunguza jambo hilohilo: je, dawa ya kisukari inaweza kuzikinga seli za moyo na ile dawa nyekundu? Visahani vilipangwa safu nne. Safu moja haikutiwa kitu. Nyingine ilitiwa dawa nyekundu peke yake, nyingine dawa nyekundu na ya kisukari kidogo, na ya mwisho dawa nyekundu na ya kisukari nyingi. Ipi ni ipi, Kitinda hakuambiwa. Profesa, mkuu wake, alibandika herufi tu na kufungia majibu kwenye bahasha, maana mhesabuji akijua, jicho lake huanza kupendelea.

Jicho la Kitinda lingeachaje kupendelea? Safu A ilidunda kwa fujo. C ilidunda polepole, lakini ilidunda. B na D zilikuwa kimya. Akapiga hesabu zake mwenyewe: A haina sumu, hilo halina ubishi. C lazima ndiyo yenye dawa nyingi ya kisukari. Dawa kidogo haikufua dafu. Basi Mama apewe nyingi.

Baba alikuwa na kisukari, na vidonge vyake vilikaa juu ya jokofu. Alhamisi asubuhi Kitinda alichomoa paketi mbili, akazitumbukiza mkobani. Jioni angevisaga na kuvitia kwenye chai ya Mama. Kumwambia hakuthubutu, kwa kuwa Mama kwa maswali hana mpinzani.

"Jamani, dawa zangu zimeota miguu?" Baba aliuliza kutoka jikoni.

"Angalia vizuri, Baba," Kitinda akajibu bila kugeuka, aibu ikimwaka usoni.

Saa nne, maabarani, Profesa akafungua bahasha mbele ya wote.

"A, haina kitu. B, nyekundu na ya kisukari nyingi. C, nyekundu na ya kisukari kidogo. D, nyekundu peke yake."

"B ndiyo nyingi?" Kitinda aliruka. "Mbona seli za B ndizo zilizokufa mapema kuliko zote?"

"Ndiyo hivyo. Nyingi imeziua, kidogo imezikinga."

Wenzake walikuwa wakipiga makofi. Kitinda alikimbilia chooni, akafungua mkoba, akazitazama zile paketi, akalia. Alifurahi mno na aliogopa mno, vyote kwa mpigo.

Jioni aliziweka mezani mbele ya wazazi wake, akasema yote.

"Kumbe!" Baba akasema. "Na mimi nimemnunia mama yako kutwa nzima."

Mama hakucheka. "Ungenitilia kwenye chai?"

"Nisamehe, Mama. Naogopa kukupoteza."

Mama alizisukuma paketi upande wa Baba. "Na hao panya wako, wamepona?"

"Ni seli, Mama. Safu moja imedunda."

"Basi twende kwa daktari tukaulize kama watu wazima."

Daktari aliwaeleza kwamba hospitali ilikuwa imeanza utafiti wa dawa hiyohiyo kwa wagonjwa, kwa kipimo maalumu. Nusu wangepewa dawa, nusu vidonge visivyo na kitu. Mgonjwa asingejua, wala yeye daktari; jibu lingefungiwa kwenye bahasha hadi utafiti uishe.

"Akipata visivyo na kitu je?" Kitinda aliuliza.

"Tutampima moyo kila dozi, vyovyote iwavyo."

Mama akapiga moyo konde, akavuta kalamu. "Mwanangu kahesabu bila kujua. Na mimi nitameza bila kujua." Akatia sahihi.

Baada ya dozi ya sita, Mama alilala kwenye kitanda cha vipimo, na moyo wake ukaonekana kwenye skrini, mkubwa, ukifunguka na kujifunga. Kitinda alisimama kando, midomo ikimcheza.

"Hamsini na tatu," mpimaji akasema. "Na dozi zimekwisha, Mama. Hongera."

Bahasha ya Mama ilikuwa bado imefungwa. Kitinda hakuweza kuyaondoa macho kwenye skrini. Thelathini na moja, thelathini na mbili.

"Wewe Kitinda," Mama akasema, "acha kuhesabu. Njoo unishike mkono."