Meno ya Chini

Wanafunzi kumi na mmoja walikuwa wamepiga magoti mbele ya mlingoti wa bendera, kila mmoja ameshika mswaki. Elieshi alipowaona alidhani wamechelewa namba, ile hesabu ya asubuhi mistarini. Ukichelewa namba utapiga magoti, na hakuna atakayekuuliza ulikuwa unakamua ng'ombe au unaota ndoto. Lakini mswaki? Nani huadhibiwa na mswaki mkononi?

"Karibuni madaktari," alisema Mwalimu Dismasi, mwalimu wa nidhamu, huku uso umemjaa fahari. "Somo lenu tumelifanyia kazi. Hawa hapa ndio wachafu. Watapiga magoti kila asubuhi mpaka meno yawe meupe."

Elieshi na mwenzake Ludovick walikuwa mwaka wa tatu wa udaktari. Chuo chao cha mjini kilikuwa na utaratibu wa kuwapeleka wanafunzi wake wakafundishe afya sekondari, kwa maelezo kwamba anayefundisha hujifunza mara mbili. Wiki mbili nyuma walipanda hadi shule hii ya kata iliyo juu ya Ngaramtoni, wakafundisha usafi wa kinywa. Elieshi ndiye aliyesimama ubaoni. Alisoma kijitabu cha chuo kama kilivyo: meno ya kahawia ni meno yasiyopigwa mswaki, yapige mswaki dakika mbili, asubuhi na jioni, nayo yatang'aa. Walioandika kijitabu kile hawakuwahi kunywa maji ya mlima huu wa Meru.

Elieshi aliyanywa. Hapo ndipo penye uchungu, na hakuna haja ya kupapaka asali. Alizaliwa Maji ya Chai, upande wa pili wa Meru, ambako maji hutoka kwenye miamba ya volkano yakiwa na madini ya floraidi. Mtoto akiyanywa angali mdogo, meno yake ya ukubwani huota na rangi ya kahawia, na mswaki wa kuitoa haujatengenezwa. Ya Elieshi yaliota hivyo. Alipomaliza kidato cha sita, shangazi yake alimpeleka Dar kwa daktari wa meno, akafunikwa yale ya juu. Ya chini shangazi alisema yaachwe, hayaonekani. Tangu siku hiyo Elieshi alijizoeza kuongea mdomo wa chini ukiwa umepanda kidogo, na miaka mitatu chuoni hakuna aliyegundua.

Kwa hiyo siku ile ya somo alisimama mbele ya watoto wenye meno kama yake, akawachekea kwa yale ya juu, akawasomea uongo anaoujua kuwa ni uongo. Angesema nini? Angeulizwa amejuaje. Bora kijitabu.

Sasa alitembea kando ya mstari wa waliopiga magoti, na wa mwisho akamsimamisha. Alikuwa msichana wa kidato cha kwanza aitwaye Naeku, midomo imemvimba.

"Fungua kinywa, mdogo wangu."

Fizi zilikuwa zimechubuka, nyekundu, na meno ya mbele yamejaa mikwaruzo.

"Umetumia nini?"

"Mchanga. Halafu stilwaya ya kusugulia sufuria."

"Kwa nini jamani?"

"Ulisema yanatoka, dada daktari. Mswaki haukuyatoa."

Damu ilimchemka Elieshi. Alimgeukia Mwalimu Dismasi kwanza, kwa sababu ndiyo hasira iliyokuwa karibu. Lakini mwalimu alikuwa mgeni wa mkoa, amehamia juzi kutoka Bukoba, na kila alichowafanyia watoto hawa alikitoa kwenye mdomo wa Elieshi. Hasira ikakosa pa kwenda, ikarudi nyumbani. Akajichukia.

Ludovick alimvuta pembeni. "Eli, tulia. Fomu ya alama zetu anajaza yeye. Ukimwaibisha mbele ya wanafunzi wake, tunarudia zoezi zima. Tutamwambia baadaye, kistaarabu."

"Baadaye lini? Meno yale yametiwa rangi na maji, na walio magotini ni wao, siyo wewe."

"Kwani una uhakika gani kwamba ni maji? Kijitabu hakisemi hivyo."

Elieshi alimpa kisogo. Alirudi mbele ya mlingoti, shule nzima ikiwa kwenye mistari, akaingiza kidole kinywani, akauvuta mdomo wa chini mpaka mwisho. Akageuka kushoto, akageuka kulia, ili hata walio nyuma waone. Ludovick aliangalia chini.

"Mimi napiga mswaki tangu nina miaka minne," alisema. "Haya siyo uchafu. Ni maji. Niliyowafundisha hapa yalikuwa ya uongo. Mwalimu, unisamehe, kosa siyo lako. Waombe wainuke."

Mwalimu Dismasi alikuwa ameaibika, na mtu mzima akiaibika mbele ya watoto ni jambo zito. "Inukeni," alisema mwishowe. Kisha akaikunja fomu, akaitia mfukoni. "Hii nitaipeleka chuoni mwenyewe," alisema, na kwa sauti ile Ludovick alijua zoezi limekwenda na maji.

Elieshi akaanza somo upya palepale uwanjani. Akawaambia wakinge maji ya mvua kwa ajili ya wadogo zao wasiofika miaka minane. Magadi yasitiwe kwenye chakula chao, nayo yana madini yaleyale. Akawaambia na lililo gumu: ya kwao wenyewe hayatabadilika. Watoto walianza kufunuliana midomo na kuchekana, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Elieshi naye alikaribia kucheka. Kwa mara ya kwanza tangu aamke alijiona mtu mwema.

Naeku hakucheka. Alisubiri wenzake waingie darasani, akamsogelea.

"Dada daktari, siku ile ya kwanza meno yako ya chini yalikuwa hivyohivyo?"

"Ndiyo."

"Na ulijua ni maji?"

"Nilijua."

"Ukatuangalia hivihivi."

"Niliona aibu, Naeku. Nimekosa. Nisamehe."

Msichana alimtazama, bila kuinamisha macho kama watoto wa kule wanavyofundishwa kuwainamishia wakubwa. Alimeza mate kwanza, kwa kuwa kuongea kulimuuma.

"Siku ile ulipomaliza tulikupigia makofi," alisema. "Niliyeanza ni mimi."

Akageuka akaenda darasani.